Bwana Harusi Aliyepigiwa Makofi

Mwaka 2013, pale mtaa wa Point hakukuwa na mwanamume aliyeogopa ukimwi kama Jeancy. Msusi huyu Mkongomani alipima kila mara, akatoka kliniki kifua mbele kama aliyefaulu mtihani wa taifa. Kondomu na mpenzi wa kudumu ya nini, ikiwa wote wawili wamepima? Kaswende aliijua kama ugonjwa wa mababu.

Basi viganja vyake vikaota madoa mekundu. Mama Félicité, mwenye saluni, akakata shauri kwamba ni dawa ya nywele, akamnunulia glavu. Jeancy akashukuru. Uongo wa kupewa bure nani anakataa?

Alipoenda kliniki kwa kipimo chake cha kawaida, nesi aliviona viganja, akampima damu, hata hakupepesa macho. Ni kaswende, akasema, na siku hizi wanaume wanaolala na wanaume wanamletea sana, wote wakishangaa hivyo hivyo. Akamdunga sindano ya matako, akamtaka amlete mwenzake.

Eish. Mwenzake alikuwa Pascal, mwanakwaya, mchumba wa Tina, mteja wa saluni. Na kanisa lao wote watatu lina utaratibu: hakuna harusi bila kupima, na kinachopimwa ni ukimwi tu. Pascal alishasimamishwa madhabahuni, mchungaji akatangaza kijana ni safi, makofi mpaka kinanda kikaingilia. Kaswende haikuulizwa, nayo haina tabia ya kujitambulisha.

Alipoambiwa, Pascal alicheka. Hana kidonda, haumwi popote. Jeancy akamweleza kwamba kidonda chenyewe huwa hakiumi, kinapona bila dawa, ugonjwa unabaki damuni.

"Frère, ndugu yangu, mimi nilipigiwa makofi," Pascal akasema. "Niende kliniki watu waniulize nafuata nini?"

"Na Tina?"

"Tina iko sawa. Wewe suka nywele."

Akasuka. Siku mbili kabla ya harusi Tina alikuwa kitini, anasimulia keki. Jeancy alijua akifungua mdomo atapoteza mpenzi, kanisa na kazi. Akinyamaza, atakuwa anamremba dada wa watu aende kuchukua ugonjwa unaoweza kumfikia hata mtoto tumboni.

"Dada yangu, kabla ya harusi mukapime kaswende. Wewe na Pascal."

"Nani amekuambia Pascal iko nayo?"

"Mimi nilikuwa nayo."

Tina alimtazama kwenye kioo. Hakulia, hakutukana. Akainuka kichwa kikiwa nusu kimesukwa, akajifunga kitambaa, akampigia Pascal simu pale pale mlangoni, na Mama Félicité akazima draya asikie vizuri. Amkute kliniki sasa hivi, la sivyo swali hilo atamuuliza Jumapili kanisani, kwa maikrofoni.

Pascal alifika mbio. Walidungwa wote wawili. Jioni ile ile Mama Félicité akamwambia Jeancy akusanye vitana vyake, wateja wa kanisani wasije wakakimbia. Naye mchungaji akatangaza kwamba harusi imeahirishwa kwa sababu za kiroho.