Hisa Zangu Zilienda Mnadani

Kinyaa nilichokipata siku ile nyumbani kwetu Butiama hakijaniisha mpaka leo, wala sitaki kiniishe.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka Ulaya, ambako naogesha wazee wa watu na kuwabadilisha nepi. Kwa mshahara wa kazi hiyo nilikuwa nikinunua hisa za benki moja katika soko la Dar es Salaam, kidogo kidogo, kwa simu. Niliziandikisha kwa jina la mama, maana baba alishafariki na mimi ndiye mtoto wao pekee. Akiumwa, akatakiwa hospitali Musoma, asisubiri mpaka nitoke zamu. Nikamfundisha na neno gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, akalipenda, akawa analitaja hata kanisani.

Nilizipenda hisa kwa sababu nyingine pia. Hazilali zizini. Ndugu hawazioni, hawaziazimi, hakuna anayekuja kuomba moja akachinje msibani. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Nilipofika, msichana nisiyemjua alinipokea begi, akaniletea maji ya kunawa.

"Huyu ni wifi yako," mama akasema.

Nikacheka. Sina kaka. Sijawahi kuwa naye.

Aliyenieleza ni baba mdogo, aliyekuwa sebuleni ameshakula. Mama alikuwa ameoa. Kwetu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari, akaoa msichana, akamtafutia mwanaume wa kuzaa naye, na watoto wakawa wa nyumba yake. Nyumba ntobhu. Nimekua nikiiona kwa majirani na haikuwahi kunikosesha usingizi, kwa kuwa ilikuwa kwa majirani.

"Ng'ombe mlitoa wapi?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Si zile hisa zako," alisema, huku akichokonoa meno. "Tulienda Musoma na mama yako, akaweka dole gumba, wakaziuza. Tukapita mnadani Bunda. Wewe ulikuwaga unaficha mali kwenye simu. Mali gani hiyo haina kwato? Sasa angalau inaonekana."

Inayoonekana ilikuwa imeinama mbele yake, ikiokota sahani yake. Nilichefukwa. Nilikichukia kile kijiti, nikayachukia na meno yenyewe. Nikamgeukia mama, nikiomba moyoni aseme kwamba walimlazimisha.

"Mwanangu, hilo gawio linakujaga mara moja kwa mwaka, halafu kimya," alisema. "Huyu ananichotea maji kila siku. Na mji wa baba yako utapata mtu."

Mtu. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, miguu yangu imevimba kwa safari.

Nilimfuata msichana jikoni. Alikuwa akipaa magamba ya sato. Aliniambia kwao ni Kisorya, amemaliza kidato cha nne, na alikuwa anataka kujifunza ushonaji. Nikamwambia, kwa ile sauti yetu sisi tunaotuma pesa, kwamba ng'ombe wale walitoka kwenye jasho langu na mimi nimewasamehe. Akitaka aondoke hata kesho.

"Walishaendaga Guta, wifi," alisema bila kuinua macho. "Baba amemuolea kaka yangu. Mimi nikiondoka, hapa watadai ng'ombe wao, baba atawafuata Guta, na yule mke wa kaka atarudishwa kwao. Ana mtoto mchanga."

Akashika kiuno, akajinyoosha mgongo, ndipo nikaona tumbo lake.

Nilirudi sebuleni. Nikamwambia baba mdogo kwamba hakuna wa kudai chochote, mwenye mali nimeshasamehe.

"Wewe ni nani wa kusamehe?" aliuliza kwa upole kabisa. "Hisa zilikuwa kwa jina la mama yako. Si ulipanga mwenyewe?"

Alikuwa sahihi, na usahihi wake ulininukia kuliko magamba yale. Fedha niliyoipata kwa kuogesha mama za watu ilikuwa imeoa msichana Kisorya, ikaoa mwingine Guta, na kote huko hapakuwa na mtu aliyevunja sheria wala mila. Yule sato sikumla. Mama alinuna, akasema Ulaya imeniharibu.

Nikarudi Ulaya kwenye zamu zangu za usiku. Soko la hisa limebaki kwenye simu yangu. Kila asubuhi linaniletea bei za ile benki, ambazo zinapanda.

Siku moja mama akapiga. Nyuma yake nilisikia vigelegele, na baba mdogo akicheka.

"Gawio lako limeingia!" alipaza sauti. "La kiume! Tumempa jina la baba yako!"

"Na aliyemzaa anaendeleaje?" niliuliza.

"Nani?" akauliza mama.