Kiti cha Shangazi Gorreti

Mwaka ule wa tisini na sita, mwanamke wa Jinja aliyepanda baiskeli ya bodaboda akiwa amevaa gomesi, lile gauni refu la heshima la Uganda, alikuwa mwanamke jasiri. Alikaa upande, miguu yote miwili kushoto kama heshima inavyotaka. Mkono wa kulia ulishika shati la mwendeshaji, wa kushoto ulishika mshipi, na moyo aliushika kwa meno. Hariri huteleza, na barabara ilikuwa na mashimo yenye njaa.

Ndipo Orpah wa mtaa wa Walukuba, binti wa askari magereza, aliyekulia kambini na kukijua Kiswahili kabla ya kujua kufunga viatu, alipotengeneza kiti. Ukingo wake wa kushoto aliuinua kidogo, kama mdomo wa chungu, ili aliyekaa asimwagike. Ndani alitia tumbo la springi na mabaki ya pamba, kwa mpangilio ambao hata mumewe hakuambiwa. Juu alishona ndege mwekundu aliyelala kiotani, na chini ya ndege jina: TULIA MAMA.

Wakili mmoja aliyekalia kiti hicho hadi mahakamani alirudi na ushauri.

"Umbo la kiti kila mtu analiona, Mama, huwezi kuwafumba watu macho. Lakini jina na ndege visajili Kampala. Na hilo tumbo, lifungie mdomo."

"Kwa hiyo bwana, jina liko serikalini, siri iko mdomoni?"

"Na kiti kiko chini ya makalio. Biashara imetimia."

Orpah akaenda Kampala, akasajili. Walukuba nzima ikacheka: jamani, Orpah kasajili makalio! Yeye akacheka kuwashinda wote, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kueleza baadaye.

Kicheko kilikatika siku Cliff alipoegesha lori lake mlangoni. Cliff alikuwa dereva Mkenya, ndiye aliyempelekea viti vichache Mbale kila alipopata mzigo wa huko.

"Mama Orpah, keti kwanza."

"Nimeketi, nashona."

"Basi shikilia sindano. Kule Mbale viti vyako vinamwaga akina mama kama mihogo kwenye gunia lililotoboka."

"Vyangu?"

"Vina ndege, vina Tulia. Kuna mwanajeshi mstaafu, Apollo, anavitengeneza kama chapati. Watu wa bodaboda wameapa kwamba Jumamosi watachoma kila chenye ndege, cha kweli na cha uongo. Nani ana muda wa kuchambua?"

Orpah akaweka sindano chini. Nguo ikichafuka hufuliwa na kuanikwa, lakini jina halina kamba ya kuanikia. Likiungua Mbale leo, kesho moshi utanukia Jinja.

"Cliff," alisema, "Jumamosi una nafasi kwenye lori?"

Jumamosi hiyo waliwakuta watu wamejaa Mbale, karibu na Mnara wa Saa. Viti vilikuwa vimerundikwa, na mwenyekiti wa bodaboda ameshika chupa ya mafuta ya taa. Pembeni alisimama Apollo, mrefu, kifua mbele, kana kwamba anakaguliwa. Mbele yake Nasimiyu, mwalimu wa mtaa wa Nkoma na mmoja wa waliomwagwa, alikuwa akimwonyesha kiwiko chenye bandeji.

"Afande, vita ulipigana na nani? Na akina mama?"

Orpah akaomba kiti kimoja cha Apollo. Akapapasa ubao: umelainishwa vizuri. Akapapasa mshono: umenyooka. Akapapasa ukingo, mkono ukasimama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Afande, hiki kiti umekitoa wapi?"

"Mimi natengeneza mwenyewe. Mimi nafikiria na kichwa yangu."

"Ulifikiria na kichwa chako, au na mkono wa Shangazi Gorreti?"

Apollo akakodoa macho. Orpah akawaeleza watu. Shangazi yake Gorreti, muuza mukene, yaani dagaa, kule Masese, mkono wake wa kulia hauna nguvu. Ili amshike mwendeshaji kwa kushoto, hukaa akitazama kulia. Kwa hiyo Orpah alimtengenezea kiti chenye ukingo wa kulia, cha peke yake duniani. Baadaye baiskeli iliyofungwa kiti hicho iliuzwa Mbale.

"Na wewe ukanunua hiyo hiyo!"

Apollo akashusha kifua. "Nilijua ukingo kukaa kulia ni amri," alisema polepole. "Nikafuata."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele apelekwe polisi, lakini Nasimiyu alikuwa na hukumu nzuri zaidi. Akatoa kikapuni gomesi aliyotoka kuichukua kwa dobi.

"Avae! Akae mwenyewe!"

Sajini mstaafu akavaa gomesi ya njano, mabega yakachongoka kama paa la kanisa. Akakaa upande juu ya kiti chake, kilichofungwa nyuma ya mwendeshaji mmoja wa bodaboda, miguu kushoto. Shimo la kwanza likampokea.

Kabla hajajipangusa, Orpah alikuwa ameshafungua skrubu. Alikigeuza kiti, mbele ikawa nyuma, na ukingo ukahamia kushoto.

"Aa!" mwenyekiti akashangaa. "Mbona hatukufikiri?"

"Kwa sababu ndege angelala kichwa chini," alisema Orpah. Akatoa wembe, akamkata ndege, akalifumua na jina. "Geuzeni vyote, visichomwe. Lakini vitatembea bila jina. Na vile vyangu vya kweli, jamani, ndege wake msimguse."

Mwenyekiti akafunga chupa yake.

"Afande, mkono wako ni mzuri," Orpah akaendelea. "Mbao na kushona vitakuwa vyako hapa Mbale. Tumbo la kiti litatoka kwangu limeshafungwa, nawe hutalipasua. Ndege nitamshona mimi, nikishakikalia kiti mwenyewe. Kila ndege atakuwa na sehemu yangu ndani ya bei. Ukikataa, tutakutana mahakamani, na gomesi utaivaa tena."

"Ndiyo, Mama," alisema Apollo, na saluti ikamtoka.

Akapanda kiti kilichogeuzwa. Baiskeli ikaondoka, ikaingia shimoni, ikatoka, na Apollo bado yuko juu, mikono angani. Wanawake wakapiga vigelegele. Akauzunguka Mnara wa Saa mara moja, akauzunguka tena, akicheka kama mtoto aliyebebwa mgongoni, kisha mwendeshaji akashika barabara ya Nkoma.

Orpah alikaa juu ya rundo la viti, ndege wekundu aliowakata wamejaa kiganjani mwake, akacheka mpaka machozi.

"Afande!" Nasimiyu alikuwa anakimbia nyuma ya baiskeli, bandeji inapepea. "Afande, gomesi yangu!"