Mkono wa Kubuni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa mikono. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifundisha kuchora, na kila Jumamosi nilipanda treni kutoka Tensta, kitongoji chetu huku ughaibuni, hadi jumba la makumbusho mjini, nikakaa mbele ya sanamu ya mungu wa kike wa Kirumi. Marumaru iliyochakaa, hana pua, hana mikono. Begani palikuwa na tundu. Kibao kilieleza kwamba zamani mafundi walimpachika mikono ya kubuni, na waliokuja baadaye wakaiondoa. Nilikisoma. Hata hivyo nilimchorea mikono, tena mizuri, kwa sababu sikuweza kuvumilia pengo.

Mama, ambaye mkono wake wa kushoto umeishia kwenye kiwiko tangu vita vya Burundi, aliiona michoro ile akaniomba nimchore. Alitaka kumpelekea kaka yake, mgonjwa kule Bujumbura, ambaye hakuwa amemwona tangu tukimbie.

"Si nikupige picha tu?" nilimwuliza.

"Picha hata mpita njia anapiga. Nataka ajue mwanangu aliketi akanitazama."

Nilichora wiki tatu, nafuta, narudia. Nikamwekea mikono miwili, imetulia mapajani.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Na mkono huu umeupata duka gani? Nipeleke nami nikachague." Alicheka, kisha akashika kiwiko chake. "Mjomba wako ndiye aliyenifunga kitenge hapa, damu inamwagika. Akiuona huu si atasema nimemsahau?"

Nilimjibu kwa Kiswidi, kama nifanyavyo nikiona aibu. Nilisema nitachora upya.

Nikarudi kwa yule mungu kujifunza pale alipovunjika. Ni pagumu kuliko uso. Karatasi mbili zilitoboka kwa kufutwa. Kila Jumapili tukitoka kanisani mama aliuliza, "Bado?"

"Bado kidogo."

Haikuwa kweli. Kiwiko kilikuwa kimekamilika. Nilikuwa nahangaika na kivuli cha kidevu, ambacho hakuna mtu angekiona, siku simu ilipoita kutoka Bujumbura. Mama alisikiliza, akaketi sakafuni jikoni, koti bado mwilini.

Mchoro uko chini ya kitanda changu. Hajauulizia tena. Siku hizi nachora kwa wino, sifuti, na kazi ikiombwa naitoa wiki hiyo hiyo.