Chapa ya Ngamia Kwenye Fomu

Mwaka 2012 nilikuwa karani wa kumbukumbu katika kliniki ndogo mjini Kakuma. Kila Ijumaa niliskani fomu za wagonjwa na kuzituma Lodwar kwa barua pepe, daktari wa huko azisome na kutushauri kuhusu dawa. Kabla ya kutuma nilifunika jina na namba ya simu kwa kalamu nyeusi. Niliiamini sana kalamu ile.

Ijumaa moja mwenzangu wa Lodwar alinipigia simu.

"Ndugu yangu, tarishi wetu ameokota karatasi kwenye printa. Anasema, 'Kumbe shemeji yangu muuza makaa anaumwa?'"

"Jina si nimelifunika?"

"Jina umelifunika. Na ile chapa ya ngamia?"

Nilifungua nakala. Mgonjwa hakujua kuandika, kwa hiyo mahali pa sahihi alichora alama ambayo ukoo wa mumewe huwachomea ngamia wao. Kwangu mimi, mtu wa kuja, ulikuwa mchoro tu. Kwa Mturkana, chapa ile pamoja na umri na mtaa ilitosha kumtaja mtu.

Fomu ilikuwa ya dawa za virusi vya UKIMWI. Mama huyo, mjane, alikubali kuanza dawa kwa sharti moja: shemeji zake wasijue.

Tarishi aliahidi kunyamaza. Wenzangu walinishauri nami ninyamaze. Sikuweza. Jumatatu mama huyo alipofika nilimweleza yote.

"Daktari," alisema, maana pale kila mwenye kalamu alikuwa daktari, "wewe lisema jina yangu hakuna kutoka hapa."

"Nilisema, mama. Sikujua kwamba unayo mawili."

Akaisukuma chupa yake ya dawa upande wangu. "Basi kunywa wewe."

Nilimwomba anipe wiki moja tu. Akaondoka, chupa ikabaki mezani.

Wiki ile niliigawa fomu sehemu mbili. Karatasi yenye jina, mtaa na sahihi ilibaki kabatini, chini ya kufuli. Iliyosafiri ilikuwa na namba tupu na habari za ugonjwa. Faili nililifunga kwa neno la siri, na neno lenyewe nilimwambia daktari kwa simu, kwa sababu mtu hatumi kufuli na ufunguo katika mfuko mmoja. Tulikubaliana pia asichapishe chochote. Asome kwenye kompyuta yake.

Jumatatu iliyofuata alirudi.

"Ejok," nilimsalimu. Hakuitika. Alivuta kiti mbele ya kompyuta yangu. Nilimfungulia fomu kumi, moja baada ya nyingine, naye akapitisha kidole polepole kwenye kioo akitafuta chapa.

"Hapa hakuna mtu," alisema mwishowe.

"Wapo kumi, mama."

"Mimi ni gani?"

"Siwezi kusema."

"Hata mimi mwenyewe?"

"Mlango uko wazi, na foleni ina masikio."

Aligeuka akaitazama foleni, kisha akacheka kwa mara ya kwanza. "Ejok, daktari," alisema, akanyoosha mkono. "Lete chupa yangu."