Pleti ya Klachi na Jina la Wambeti

Kosa ni langu, na waliokuwepo nikilianza ni hawa: Mwenda, mjukuu wangu wa kwanza, mkewe Wambeti, aliyezaliwa Gachoka na sasa ni fundi wa magari hapa Kinoru, jirani yangu Kanana, tuliyebatizwa naye siku moja, bwana yake Koome, mwenye lori la mchanga, na mimi, nimekaa kwa kiti kama jaji.

Mbele yetu ilikuwa pikapu ya mzee wangu, mume wangu marehemu. Klachi ilikuwa imekufa. Ukikanyaga, mguu unafika chini, na gari inanguruma pale pale kama mlevi anayetaka kupigana na hawezi kusimama.

Mzee alijigamba na hiyo gari mpaka kaburini. "Injini ni ile iliyozaliwa nayo," aliwaambia watu kanisani, sokoni, hata matangani. Uongo mtupu. Ile ya kwanza ilipasuka, na huko Embu fundi mmoja mrefu aitwaye Ndwiga, mwenye pengo la juu, akaweka injini na giaboksi za gari ya aina ingine kabisa. Mimi ndiye niliyewapikia chai. Tuliojua ni watatu.

Wambeti alipangusa mikono akaniuliza kwa heshima kama nyanya yake, "Shosho, hii gari imewahi kubadilishwa injini?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini Koome alikuwa ananiangalia, huyo Koome ambaye mzee wangu alimcheka miaka mingi eti lori lake limeshonwa kwa vipande. Nikajibu, "Haijafunguliwa hata nati. Soma logibuku, kitabu cha gari."

"Basi tushushe giaboksi kwanza, nibebe pleti ya zamani dukani tulinganishe. Upana, na meno ya katikati. Logibuku haijui kila kitu, shosho."

"Fundi wa kweli anachungulia nini? Ama huko Gachoka mlijifunzia kwa mikokoteni ya punda?" nikamuuliza.

Kanana alicheka. Mwenda akaangalia chini.

Kesho yake nilienda mjini Meru na logibuku kwa kikapu. Muuza spea akaniuliza kama nimebeba ya zamani. Nikamwambia mimi sisahau kitu, nikamtajia gari na mwaka. Akanipa pleti na presha yake, ile sahani nzito inayoikandamiza.

Wambeti aliposhusha giaboksi alilaza pleti yangu juu ya ile ya zamani. Ilikuwa ndogo, kama chapati ya mtoto kwa sahani ya mtu mzima. "Hii siweki, shosho. Ukipakia mzigo itateleza mlimani."

Nilijua anasema ukweli, na bado nikamfukuza. Nikamwita Mugambi, fundi wa kando ya barabara, mdomo mtamu na spana mbili. Huyo hakuuliza kitu. "Mama, kila kitu huingia ukijua kukishawishi," akasema, akatoboa mashimo mapya kwa gurudumu la injini, pale presha inapofungwa, ili ikae. Meno yakaingia kwa bahati mbaya. Nikampa chai kwa kikombe cha wageni. Mjinga alimpokea mjinga.

Jumamosi tulipakia ndizi. Kuteremka tuliteremka vizuri. Kupanda, injini ikalia, gari ikasimama, moshi ukatoka chini wenye harufu ya kwato zilizochomwa. Tukarudi nyuma mpaka kwa mtaro wa majani chai ya watu, ndizi zikamwagika. Na nani akaja kutuvuta? Koome, na lori lake la vipande, limejaa mchanga.

"Nani aliweka hii klachi?" akauliza. Watu walikuwa wamejaa.

Nikasema, "Ni Wambeti, bibi ya Mwenda."

Hilo ndilo ungamo langu. Pleti ni chuma tu.

Koome aliacha kupeleka lori kwa Wambeti. Kanana alipeleka habari kwenye kwaya. Gereji yake ya Kinoru ikabaki na kuku. Siku moja Wambeti akaja kuniaga, ameshafunga vyombo vyake arudi kwao, na Mwenda anamfuata.

Hakunitukana. Alisema, "Shosho, mimi najua sikuiweka. Lakini niambie, hiyo injini ni ya gari gani? Ile pleti kubwa inanisumbua."

Nikamwambia yote, mpaka pengo la Ndwiga.

"Kumbe ulijua nikikuuliza."

"Nilijua."

"Mimi nilidhani unasahau kwa sababu ya uzee. Nilikuwa nikikutetea kwa Mwenda." Akarudi kwake. Chai yake aliiacha imejaa.

Sasa wewe mwenye gari kuukuu, fundi akikuuliza imebadilishwa nini, mwambie. Beba pleti ya zamani dukani, usibebe sifa za marehemu. Na fundi asiyeuliza kitu, mkimbie.

Jina langu nimelificha, huo ndio uoga uliobaki, ingawa Kinoru nzima itanijua kabla ya aya ya pili. Majina ya wengine nimeyaacha wazi makusudi. Kama nimekosea mahali, nisahihisheni. Koome, kama siku ile ulibeba mawe, si mchanga, sema. Ndwiga, kama pengo lilikuwa la chini, sema. Lakini aliyeharibu ile gari hakuitwa Wambeti. Hapo sijakosea, na vyombo vyake bado viko kwa mlango wake, havijapakiwa.