Kipenga Anaishi Wapi

Watu walimwita Kipenga, na jina hilo alitembea nalo hata nje ya uwanja. Ukimpita mbele kwenye foleni ya benki alikurudisha nyuma kwa kidole kimoja, bila kufungua mdomo, na ulirudi. Wanaume wenye vifua kama milango ya ghala walimwogopa. Beki mmoja aliwahi kumwambia, "Dada, hata mke wangu hanikaripii hivi." Akamjibu, "Ndiyo maana umeharibika," akamchomolea kadi ya njano. Uwanja mzima uliangua kicheko, na beki mwenyewe akaondoka anacheka.

Siku ambazo hakuna mpira alikuwa msusi. Alikuwa na saluni ya viti viwili nyuma ya kituo cha mafuta, na wateja walimpenda kwa kuwa mikono yake ilikuwa myepesi na hakuvuta nywele. Mume alikuwepo zamani, akaenda zake. Mtoto hakujaliwa. Alibaki na mpira na baba yake, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana mpira ulikuwa mji mmoja na baba mji mwingine.

Baba, fundi mwashi mstaafu, alipigwa na kiharusi, na nyuma ya kiharusi kukaja kusahau. Kaka zake Kipenga walikuwa hodari mno wa kutuma salamu. "Mwambie mzee tunamwombea," halafu simu inakatwa. Sasa nani aende? Kipenga akafunga saluni, akarudi nyumbani kwa baba, safari ya kuondoka alfajiri na kufika jua linazama. Akaweka kiti barazani akaanza kusuka hapo hapo, sikio moja kwa mteja na jingine chumbani kwa mzee.

Mpira je? Hapo ndipo penye shughuli.

Chama cha waamuzi kilikuwa na kanuni ya nauli, na ukiisoma utadhani walioitunga walikuwa na huruma ya mama mzazi. Mwamuzi hulipwa nauli ya kutoka anakoishi mpaka uwanjani na kurudi, na akitoka mbali anaongezewa posho ya kulala na ya kula. Nzuri, sivyo? Lakini mfuko wa chama ulikuwa mkavu mwaka mzima. Kwa hiyo katibu, kabla hajampanga mtu kwenye mechi, alitazama kwanza anatoka wapi. Wa karibu alipewa mechi. Wa mbali aliambiwa "tutakuita", na hakuitwa hata siku moja. Kanuni iliyowekwa ili msafiri asiumie ndiyo ikamnyima safari yenyewe. Jamani, watu wakikaa kwenye viti wanaweza kutunga mambo!

Na kwa Kipenga muda ulikuwa umekwisha. Ulikuwa msimu wake wa mwisho kabla ya kufikia umri ambao mwamuzi hustaafu apende asipende. Alitaka kitu kimoja tu: kuchezesha fainali ya kombe. Hakuna mwanamke aliyewahi kusimama katikati ya uwanja kwenye fainali hiyo. Walikuwa wanapewa vibendera vya pembeni, wanapigiwa makofi, wanarudi nyumbani.

Hayo yote aliyajua Pacha. Pacha hakuwa ndugu yake wa damu; walikutana kwenye kozi ya uamuzi wakiwa wasichana, urefu mmoja, mwendo mmoja, mpaka mkufunzi akachoka kuwatofautisha akawaita mapacha. Baadaye mmoja alipata jina jipya la Kipenga, mwingine akabaki na la Pacha. Viwanja vingi wakati huo havikuwa na chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo. Walivalia stoo, kati ya ndoo za chokaa na nyavu zilizochanika, mmoja anavaa na mwingine kaegemea mlango kwa mgongo ili mtu asiingie. Walikopeshana soksi. Waliliana mabegani. Kipenga hakuwa na dada, lakini angeulizwa, angesema anaye.

Basi ni Pacha aliyeleta wazo, siku moja jikoni kwake, anakatakata vitunguu.

"Kwenye chama andika unaishi hapa kwangu," alisema. "Kwani kila mechi si utalala hapa?"

"Na nauli ya kutoka kwa baba?"

"Hiyo utajua mwenyewe. Unataka hela au unataka fainali?"

"Nataka fainali."

"Sasa unauliza nini, mwenzangu? Andika."

Akaandika. Tangu hapo kila wiki ya mechi alipanda basi kwa hela yake, akala kwa hela yake, akarudi kwa hela yake. Chama kilimpa nauli ya kutoka mtaa wa Pacha mpaka uwanjani, kitu cha kununulia soda ukabaki na kiu. Mzee alimwacha kwa jirani, mama mmoja mwenye mabinti wengi, na malipo yake yalikuwa kumsuka yeye na mabinti wote bure. Nauli ilipozidi kumkaba aliuza mashine yake ya kukaushia nywele. Ilipozidi tena akauza kioo kikubwa cha saluni, na mnunuzi alipokuwa anakibeba Kipenga alijiona humo ndani, amekonda. Alipiga moyo konde. Fainali iko mbele, alijiambia, hela nitatafuta baadaye.

Na kweli, katibu akapiga simu. "Dada Kipenga, jiandae. Fainali utachezesha wewe. Wa kati."

Alicheza na fagio barazani mpaka mteja aliyekaa na kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa akauliza kama ameshinda bahati nasibu. Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa Pacha, na Pacha alipiga vigelegele simu ikataka kupasuka. Halafu akauliza, "Na mimi wameniweka wapi?"

"Msaidizi wangu namba moja!"

"Ah," alisema Pacha. "Sawa. Hongera, mwenzangu."

Ile "ah" Kipenga hakuisikia. Mwenye furaha hasikii vizuri.

Wiki haikuisha, akaitwa ofisini. Ofisi ya chama ilikuwa chumba cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kulalamika, na kabatini vikombe vya zamani vilivyokatika masikio. Walikuwepo mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hakuna aliyetabasamu. Kipenga alidhani wanataka kumpa maelekezo ya fainali, akatoa kalamu.

"Dada," alisema katibu, mwanaume mpole aliyeongea kama anaomba radhi, "unaishi wapi?"

Akautaja mtaa wa Pacha.

"Tumeambiwa unaingia pale na begi na kutoka na begi. Hata mswaki wako huuachi."

Mswaki? Nani anahesabu miswaki ya watu? Hata hivyo moyo wake ulikataa kwenda kule ulikokuwa unavutwa. Labda ni watoto wa Pacha wamebwabwaja, watoto hawana breki. Labda ni mpangaji wa pale uani. Alitafuta wa kulaumu kama mtu anayetafuta funguo gizani, anagusa kila kitu isipokuwa kile kilicho mbele yake.

Mwenyekiti akasoma kifungu. Mwamuzi atakayedanganya kuhusu makazi yake atafungiwa msimu mzima. Kifungu hicho kina historia yake: kuna mwamuzi mmoja, mtu wa maneno matamu, aliyekuwa anaishi hatua chache kutoka uwanjani lakini aliandika anaishi ukweni kwake, mbali karibu na mpakani, akalipwa nauli na posho mpaka akanunua pikipiki. Ndiyo wakaweka kifungu.

Mweka hazina, mama wa makamo asiyependa mzaha, alishindwa kuvumilia. "Ngoja kwanza. Yule alijisogeza mbali ili atuibie. Huyu amejisogeza karibu. Katuibia nini? Kama kuna aliyeibiwa hapa ni yeye."

"Uongo ni uongo," alisema mwenyekiti.

"Muulizeni Pacha," Kipenga alisema, na kusema hivyo kulimpa nguvu. "Nyumba ni yake. Wazo ni lake. Mwiteni awaeleze."

"Yuko hapo nje," alisema katibu, na akatazama chini.

Pacha akaingia. Kipenga alimsogezea kiti kilichokuwa pembeni yake, kwa mazoea tu. Pacha akavuta kingine, akakaa upande wa katibu.

"Hakai kwangu," alisema. "Anakuja kulala tu siku za mechi. Aliniomba hifadhi nikamwonea huruma, ana matatizo ya mzee. Kumbe kaenda kuandika ndiyo makazi. Mimi hayo sikuyajua."

"Pacha!"

Hakugeuka.

"Pacha, si wewe uliyeniambia niandike? Jikoni kwako? Si wewe?"

Hapo ndipo alipogeuka, akamtazama usoni, macho makavu kabisa. "Mimi?" alisema.

Neno moja tu. Kipenga alikuwa ametukanwa na viwanja vizima, amerushiwa chupa, ametemewa mate na kocha, na hayo yote yalimwingia huku yakatokea kule. Lakini hiyo "mimi" ilimkata maini. Angesema nini? Jikoni hakukuwa na shahidi, na kwa nini kungekuwa na shahidi? Mtu anamwekea dada yake shahidi?

Mweka hazina alibishana peke yake, akashindwa. Kipenga alifungiwa msimu mzima, na msimu huo kwake ndio ulikuwa wa mwisho, kwa hiyo alifungiwa maisha. Fainali akapewa anayefuata kwa sifa. Na anayefuata alikuwa nani? Haya, mnajua.

Alimkuta Pacha kwenye ngazi. Pacha hakukimbia, hilo tumpe.

"Kwa nini?" aliuliza Kipenga.

"Kila siku wewe wa kati, mimi wa pembeni," alisema Pacha. "Wewe unaweka historia, mimi napeperusha kibendera. Ungestaafu na jina. Mimi ningestaafu na nini? Na wewe una mzee wa kuuguza. Ungechoka tu."

"Ungeniambia. Ungeniambia unaitaka."

"Ungenipa?"

Kipenga alifikiri, maana alikuwa mtu wa haki hata pale ambapo haki haina faida. "Nisingekupa," alisema.

"Umeona?"

"Lakini ningejua nashindana na nani. Pacha, nimeuza vitu vyangu kwa ajili ya ile safari, na jioni nafika kwako unanipokea begi! Unanipa taulo! Ulikuwa unanitazama hivyo hivyo huku unajua utaniuza?"

"Mwanzoni sikujua," alisema Pacha, akashuka ngazi.

Sijui kama hiyo ilikuwa kweli. Kipenga naye hakujua, na hilo ndilo lililomtafuna ndani ya basi safari nzima. Alirudia kila kitanda alichotandikiwa, kila "karibu mwenzangu", akitafuta siku ambayo urafiki uliisha yeye akaendelea nao peke yake. Hakuipata. Watu wakifa wanaachia jamaa tarehe. Urafiki huu ulikufa bila hata tarehe.

Siku ya fainali alijiapiza hatawasha redio. Alikuwa anamlisha baba uji, kijiko kwa kijiko, anampangusa kidevu. Kwa mzee, siku hizo yeye alikuwa nesi. Alimwita hivyo kwa heshima zote, na kila asubuhi alimuuliza wanawe wako wapi. Kipenga alikuwa ameacha kumsahihisha, maana kila alipomsahihisha mzee aliona aibu, akalia.

"Nesi," alisema mzee, "leo si kuna mpira? Niwekee redio, mwanangu."

Akawasha. Angefanyaje?

Mtangazaji alikuwa keshapandwa na jazba. Uwanja umefurika, jua kali, na mwamuzi wa kati ni mwanamke, mabibi na mabwana, wa kwanza katika historia ya kombe hili! Akataja jina, lakini jina lilimezwa na kelele za mashabiki.

Mzee akasukuma kijiko. Akajaribu kujiinua kwa ule mkono wake mmoja uliobaki na nguvu.

"Nesi! Umesikia? Huyo ni binti yangu!"

Kipenga alishika bakuli kwa mikono miwili.

"Binti yangu huyo, mwamuzi! Wanamwita Kipenga. Kaa, kaa usikie mwenyewe."

Filimbi ikalia, mbili fupi na moja ndefu. Ni Kipenga aliyemfundisha Pacha kupuliza hivyo. Mzee aliguna kwa raha, akapiga godoro kwa kiganja. Mtangazaji akasifu, mwamuzi yuko makini, mwamuzi hayumbi, na kila sifa mzee aliipokea kwa kichwa kama mtu anayepewa pole au pongezi na mji mzima. Kipenga alimchukia Pacha wakati ule chuki ambayo hakujua anayo. Fainali alikuwa ameshaanza kuikubali imekwenda. Sasa hata baba yake kachukuliwa, na yeye ndiye amekaa hapo anamshikilia asianguke.

"Anachezesha vizuri, eti?" aliuliza mzee.

"Anachezesha vizuri, baba."

Kisha uso wa mzee ukaingia wasiwasi, ule wasiwasi wa wazazi usiosahau njia hata mengine yote yakisahaulika.

"Lakini huko ni mbali. Wamemlipa nauli?"

"Hawakumlipa."

"Hee! Sasa kafikaje?"

"Alitoa mfukoni mwake," alisema Kipenga. "Safari zote alitoa mwenyewe."

Mzee alitikisa kichwa, amekasirika kweli kweli, mishipa imemsimama shingoni.

"Watu gani hao! Nesi, nisaidie. Akirudi mwambie apitie hapa kwangu. Asimdai mtu. Nitamrudishia mimi, yote."

"Nitamwambia, baba," alisema Kipenga, akachota kijiko kingine cha uji, akakipuliza kipoe.