Video ya Zamani Niliyoiita ya Leo

Tak! Ile sauti ya waya kukatika bado naisikia. Naosha vyombo, tak. Niko kanisani wengine wanaimba, tak. Lakini jamani, sikuja hapa kuwaambia mambo ya waya. Waya haikuwa kosa langu. Nimekuja kusema kile nilichofanya mimi mwenyewe, kwa simu yangu mwenyewe, nikiwa nacheka.

Nilikosea. Aki nilikosea vibaya.

Mimi ni msichana wa huku Bomet, upande wa Merigi. Shule niliachia kidato cha pili. Nilikuwa nachuma majani chai kwa shamba moja kubwa upande wa Kericho, na nilikuwa na ndoto. Msinicheke. Nilitaka kuwa mtu wa video. Kikapu mgongoni, mikono inakimbia juu ya majani, naimba, natania wenzangu. Na watu walipenda! Mpaka walio ng'ambo waliandika, "Ongeza nyingine!" Kazini wakaniita Msanii.

Aliyenishikia simu ni Mama Awuor. Yeye alitoka kule ziwani kitambo, akalea watoto wake kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba. Si damu yangu, lakini aliniita nyathina, yaani mtoto wangu kwa lugha yao. Alikuwa anatembea kinyumenyume kwenye mstari wa majani, simu mkononi, akipiga kelele, "Nyathina, simama vizuri, hicho kikapu kinakufanya ukae kama kobe!" Halafu anacheka mpaka simu inatingika, video inaharibika, tunaanza tena.

Siku ya ajali pini ya kushika trela ya trekta ilikuwa imepotea. Dereva akafunga na waya. Niliona kwa macho yangu, nikimngoja Mama Awuor afunge leso vizuri. Nikamuuliza, "Dere, hii ni waya ama ni uzi wa kushonea?"

"Msanii, panda," akasema. "Usiniletee sinema hapa."

Nikapanda. Mama Awuor naye akapanda. Tulikuwa sisi wawili tu juu ya magunia, wengine walibaki wakimalizia mistari yao. Tulipofika kwenye mwinuko wa kwenda mizani ya kupimia majani, tak! Trela ikarudi nyuma na sisi. Mimi niliangukia bega la kulia, likavunjika. Mama Awuor, trela ililalia mguu wake.

Kesi ya kudai fidia tulifungua pamoja, wakili mmoja. Ofisi yake iko Kericho mjini, juu ya duka la mbegu. Watu wa bima ya shamba wakasema hakuna waya, hakukuwa na waya, ati sisi tuliruka wenyewe kwa sababu ya michezo. Dereva naye akakubaliana nao. Wakili akanitazama, akasema, "Mama hakuona waya. Wewe uliona. Kesi ya huyu mama iko kwa mdomo wako."

Mama Awuor alikuwa ameketi hapo, magongo yake yameegemezwa ukutani. Daktari alikuwa amesema mguu ule unahitaji kupasuliwa tena ndio aweze kuukanyagia, na hiyo ilikuwa inangoja fidia. Alinipiga kofi dogo kwa goti. "Nyathina anajua kuongea," akamwambia wakili. "Ya kuongea usihofu."

Wakati wa kutoka wakili akaniita. "Na hiyo simu iweke kando. Usiposti kitu mpaka kesi iishe. Hata picha ya kikombe cha chai."

"Ndiyo, wakili."

Nikashuka ngazi nikijichekea. Kikombe cha chai kina makosa gani?

Nikarudi Merigi kwa Kogo, nyanya yangu. Weh, kukaa bure ni kazi! Mkono ulikuwa hauendi juu ya bega. Kogo ndiye aliyekuwa ananichana nywele, mimi mtu mzima, nimekaa chini katikati ya magoti yake kama mtoto wa nasari. Nikifungua simu, watu wanauliza, "Msanii umeenda wapi? Umeolewa? Umekufa?" Wengine wakaanza kuondoka kwa ukurasa wangu. Niliona ndoto yangu ikipukutika na mimi niko hapo tu nimeshika sufuria kwa mkono mmoja.

Sasa kwa simu nilikuwa na video za kitambo ambazo sikuwa nimewahi kuweka. Moja ilikuwa tamu sana. Nachuma kama mashine, kikapu kimejaa, jua limenipiga usoni. Nikaiweka.

Ningeiweka tu nikanyamaza! Labda leo ningekuwa na pa kutokea. Lakini hapana, mimi ni mimi. Nikaandika chini yake: "Leo kazini! Mkono chuma, wivu kwenu!"

Mmeniuliza kwa nini niliandika leo? Mimi pia nimejiuliza. Si kwamba nilitaka kumdanganya hakimu. Hakimu hata sikumkumbuka. Nilikuwa na aibu ya kuwa yule msichana wa kuchanwa nywele. Kwa ile video nilikuwa mzima, na nilitaka siku hiyo iwe leo. Ni hivyo tu.

Laiki zikamiminika. Nikaweka ya pili. Nikaweka ya tatu.

Wiki chache baadaye wakili akapiga. Sauti yake ilikuwa chini. "Kuna video wameleta upande wa pili. Kuja ofisini na simu yako. Na usifute kitu. Umesikia? Usifute kitu."

Nikafuta.

Nilifuta zote! Ukurasa mzima, na zile zilizokuwa ndani ya simu. Nilifikiri zikiisha zimeisha. Kumbe za ndani ya simu ndizo zilikuwa na tarehe zao za kweli. Wao walikuwa wameshaweka nakala ya ile yenye neno "leo". Nilichoma ushahidi wangu, nikawaachia wao wa kwao!

Kwa ofisi wakili hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aligeuza kompyuta tu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, lakini ni ya zamani, wakili. Haki ya Mungu ni ya zamani."

"Chini hapo imeandikwa nini? Soma."

"Leo kazini."

"Endelea."

"Mkono chuma," nikasema.

"Lete simu nione tarehe."

Nikamwambia nimefuta. Alivua miwani akaiweka juu ya meza. Halafu akapandisha sauti ya video, na hapo ndipo nilipokufa. Mama Awuor alisikika wazi, "Ongeza, nyathina! Ongeza!" akicheka, na picha ikitembea, ikirudi nyuma hatua kwa hatua katikati ya majani.

"Wanasema huyu mama pia amepona," wakili akasema. "Wanasema anatembea shambani, tena kinyumenyume."

Eish! Nilimtembeza mtu ambaye hawezi kwenda choo bila magongo.

Nilienda kambini kumwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa wakili. Nilimkuta ameketi nje kwenye stuli, mguu juu ya mtungi wa maji, anamenya viazi. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kumenya.

"Kwa hivyo nimepona," akasema, "na hakuna mtu ameniambia."

"Mama, nisamehe."

"Ngoja nisimame nicheze basi."

"Mama, tafadhali."

"Kutembea kinyumenyume!" Akacheka kidogo, lakini kile kicheko hakikufika mwisho. Akaangalia mguu wake. "Nyathina, si mimi nilikushikia hiyo simu? Kama ulitaka watu wakuone, ungeniambia nikae na wewe. Ningekuangalia mimi."

Nililia hapo kama mtoto. Akaniacha nilie. Viazi vilipoisha akanipa sufuria nikajaze maji, kwa mkono wa kushoto, na nilipomrudishia akasema, "Si ulikuwa unataka kuonekana? Sasa utaenda kuonekana na hakimu. Useme yote. Hata ile ya kuniaibisha useme."

Kesi inasikizwa wiki ijayo, na mimi niko kama panya ameingia kwa debe. Nikinyamaza, ile video inasema mkono wangu ni mzima, kwa hivyo mimi ni mwongo. Nikisema ni ya zamani, basi niliandika uongo nikawadanganya watu wote wale, kwa hivyo mimi ni mwongo. Kila mlango nikigusa, nyuma yake niko mimi mwenyewe.

Na wakili ameshaniambia watakachoniuliza. "Kama uliweza kudanganya ili upate laiki, kwa nini usidanganye kuhusu waya ili upate fidia?" Hilo swali nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelitafutia jibu mpaka kwa ng'ombe. Sina. Nina tu ile sauti, tak, na hakuna mtu anaweza kuiona.

Wewe unayesoma, kama umeumia na uko na kesi, weka simu chini. Wakili akikuambia usiposti, haonei wivu ndoto yako. Kuna mtu mahali amelipwa kukuangalia tu, na anakuangalia zaidi ya wanaokupenda. Usiweke ya zamani. Usiweke ya kuchekesha. Usimwache rafiki akuweke kwa ukurasa wake ukiwa harusini umetabasamu, kwa sababu tabasamu halina bandeji. Na kama umeshaweka, usifute! Mwambie wakili wako wewe kwanza, kabla hajaonyeshwa na wale wengine. Na kama kuna mtu anategemea mdomo wako, basi mdomo huo si wako peke yako mpaka siku hiyo ipite.

Mimi nimeamua nitasema yote, nikianza na uongo wangu. Kama wataniamini mengine, sijui.

Jana Kogo alipopeleka maziwa, nilichukua Biblia yake nikaenda nyuma ya jikoni. Wakili alisema nitaapa nikiwa nimeinua mkono wa kulia. Nilijaribu, ukafika kifuani ukakataa. Nikaweka Biblia kwenye hicho kiganja, nikashika kiwiko kwa mkono wa kushoto, nikasukuma polepole, meno nimeuma, mpaka ikafika juu ya bega. Nikaishikilia hapo nikihesabu mpaka kumi. Nikapumzika, nikaiinua tena.